Naomba ushauri: nafasi ya mtafiti mgeni, historia ya maendeleo ya kimataifa

Habari zenu ndugu wanachama. Naandaa ombi la nafasi ya mtafiti mgeni ya miezi mitatu. Mada yangu ni taasisi ya utafiti wa mpunga ya Los Baños, Ufilipino, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa fedha za Ford Foundation na Rockefeller Foundation, mashirika ya hisani ya Marekani. Nyaraka za wafadhili hao wote wawili zimehifadhiwa Rockefeller Archive Center, New York, ila zaidi zinaeleza habari za wakubwa. Mimi natafuta habari za mkulima wa kawaida, na kwangu hilo ndilo kiini cha kazi yote. Nimepitia orodha za majalada mtandaoni, nikamwandikia profesa mwenyeji, bado kimya.

Je, nitume ombi bila barua ya mwaliko? Na kamati hukubali mtu agawe muda kwenye vituo viwili, au nichague kimoja?

Natanguliza shukrani.