Mkataba unasema ugani asilimia 80, kura wakapiga kwa idadi ya pepa za utafiti. Nimechoka na hii kamati

Wakuu habari za muda huu. Leo siku ya tatu sijalala vizuri kwa hiyo mkiona naruka ruka mnivumilie, uzi ni mrefu na nimeuandika na hasira.

Mi ni mwalimu wa ugani kwenye chuo kikuu kimoja cha jimbo huku Marekani, jina siliweki. Ukisikia ugani usifikirie bwana shamba wa wizarani, huku ugani uko ndani ya chuo kikuu chenyewe na upo kisheria. Vyuo vya aina hii vilianza na sheria ya Morrill ya 1862, 1887 ikaja ya Hatch vikapata vituo vya utafiti, halafu 1914 ikaja Smith-Lever ikasema sasa hayo maarifa yatoke humo ndani yawafikie wananchi, na hela ichangwe, serikali kuu itoe, jimbo litoe, kaunti nayo itoe. Kwa hiyo mi ni profesa msaidizi kama maprofesa wasaidizi wengine, nina ofisi, naingia vikao vya idara, ila darasa langu ni shamba la mtu.

Mkataba wangu umeandikwa ugani asilimia 80, utafiti asilimia 20. Mi nimesaini, mkuu wa idara kasaini, mkuu wa kitivo kasaini. Miaka sita nimefanya kazi kwa hesabu hiyo hiyo. Mwaka wa sita ndo faili lako linapigiwa kura, ukipita unapata ajira ya kudumu na cheo cha profesa mshiriki kwa mpigo, ukikosa unapewa mwaka mmoja wa kufungasha virago. Hamna cha "tumwongezee muda kidogo tuone". Wenyewe wanarejea tamko la 1940 la chama chao cha maprofesa, AAUP, kwamba muda wa majaribio usizidi miaka saba, na kiukweli nia ilikuwa nzuri tu, mtu asiwekwe kwenye majaribio mpaka anazeeka. Ila hiyo saa ikishaanza kukimbia haiulizi kama jaribio lako la shambani lilipigwa na mvua ya mawe msimu mzima ukarudi sifuri.

Haya. Idara yangu wamepiga 11 kwa 3 nipite. Faili likapanda kamati ya kitivo, 2 kwa 5, nimepigwa chini. Mkuu wa kitivo kaifuata kamati yake. Barua ina ukurasa mmoja na nusu, nimeisoma mpaka naijua kwa kichwa, na neno ugani limo mara mbili tu humo, moja ni kwenye jina la cheo changu!! Kilichobaki chote ni pepa. Pepa chache, majarida madogo, hazinukuliwi vya kutosha, "tija ya kitaaluma iko chini ya matarajio". Matarajio ya nani? Ya mtu mwenye utafiti asilimia 20 au ya mtu mwenye 70?

Ngoja niwaambie hiyo 80 ni kitu gani maana ndo imekula miaka yangu.

Nashughulika na magugu, hasa huyu mchicha pori wa Palmer. Ni ndugu wa mchicha wa mboga lakini tabia yake ni ya jambazi. Mmea jike mmoja unaweza kumwaga mbegu laki kadhaa, joto likikubali unarefuka sentimita tano na zaidi kwa siku moja, na ilishathibitishwa kule Georgia mwaka 2005 kwamba ile dawa ya magugu inayoitwa glaifoseti haimfanyi kitu. Dawa nyingi zilizobaki zinataka umwahi akiwa chini ya sentimita kumi hivi, sasa piga hesabu mwenyewe, mkulima akisubiri wiki moja tu ameshachelewa. Ndo maana simu yangu inaita saa 11 alfajiri. Huwezi kumwambia mtu nitumie barua pepe nitakujibu Jumatatu.

Kuna mzee mmoja nilimkuta ana kichaka kidogo cha hilo gugu kwenye kona ya kuingilia shambani, lilikuja na kombaini ya kukodi. Nikamwambia ling'oe kwa mkono, weka kwenye mifuko, toa nje ya shamba, na kombaini yoyote ikija isafishwe kwanza kabla haijagusa mazao yako. Akaniangalia weee, akasema profesa una digrii tatu unakuja kuniambia nipalilie kwa mkono ekari 600? Nikamwambia sio 600, ni hiyo kona tu, na ni leo. Aling'oa huku ananitukana. Msimu uliofuata majirani zake wanapigana na gugu shamba zima, yeye kona imekaa safi, na ndo akaanza kuniletea watu, nikawa nafanya siku ya wakulima palepale kwake. Alipojua faili langu linapigiwa kura akaniandikia barua ya kurasa mbili kwa mkono wake. Mnajua ilipokaa? Kwenye viambatisho huko mwisho. Haihesabiki, yeye sio profesa.

Barua zinazohesabiwa ni za wapimaji wa nje. Hao lazima wawe maprofesa wa vyuo vingine, wa cheo cha juu kuliko changu, ambao hatujawahi kuandika pamoja wala kufanya mradi pamoja. Kwenye utafiti wa maabara hiyo inaeleweka, msomaji wa mbali anasoma pepa zako anatoa hukumu. Kwenye ugani mtu anayeijua kazi yangu ni yule niliyefanya naye, na huyo huyo ndo haruhusiwi kusema. Kwa hiyo wanatumiwa wasifu na pepa tatu nne, wanapima nilichoandika, nilichofanya hawakijui.

Chini ya ofisi yangu, ghorofa ya kwanza, kuna jamaa anasoma gugu hilo hilo. Yeye anaangalia jeni, jinsi ile jeni inayolengwa na glaifoseti inavyojirudufu mara nyingi mpaka dawa inazidiwa. Kazi nzuri sana, namheshimu, na hii hasira sio juu yake. Pepa zake zinanukuliwa dunia nzima. Sasa mi wateja wangu hawanukuu! Mkulima akikusikiliza anabadilisha dawa, anaotesha nafaka ya rai ya kufunika ardhi, anaosha kombaini, basi, hamna mahali anaandika jina lako na mwaka kwenye mabano. Jambo ukilifanya vizuri kabisa linakuwa "kila mtu anajua hivyo" na we unapotea jumla.

Na msiniambie mwongozo haupo, mwongozo upo na ni mtamu. Ernest Boyer, alikuwa rais wa taasisi ya Carnegie ya mambo ya ufundishaji, alishasema toka 1990 kwamba usomi sio kugundua tu, kutumia maarifa kutatua matatizo ya watu nao ni usomi. Oregon State wakabadilisha miongozo yao ya vyeo 1995 wakapanua maana ya usomi. Na chetu kina aya nzima, "usomi wa matumizi utapewa uzito sawa kulingana na mgawanyo wa majukumu". Uzito sawa! Halafu kwenye kamati ya watu saba mwenye ugani kwenye mkataba wake ni mmoja. Nina pepa kwenye Journal of Extension, jarida lipo toka 1963, linapitiwa na wasomi wenzako kama majarida mengine, nikasikia kwamba mle kikaoni mtu kauliza "hiki nacho ni kitu gani".

Sasa nije kwenye kosa langu maana najua mtaniuliza. Miaka mitatu ya mwanzo mlezi wangu aliniambia we chapa kazi matokeo yataonekana. Nikachapa. Kwenye mapitio ya mwaka wa tatu wakaandika "anaendelea vizuri, aongeze machapisho kidogo". Kidogo ni ngapi? Hakuna aliyesema na mi boya sikuuliza, au tuseme niliuliza nikajibiwa kwa tabasamu. Nikawa najaza ripoti za vichwa, huku wamekuja 40, kule 120, yale masomo ya Januari na Februari ya wapulizaji dawa kuhuisha leseni wamejaa mpaka wengine wamesimama. Kumbe vichwa sio matokeo. Dada mmoja wa jimbo lingine ambaye alishapita ndo alinifungua macho mwaka wa tano, akaniambia we ulitakiwa uwaulize kabla ya somo wanafanya nini, uwaulize tena baada ya msimu wamebadilisha nini, kwenye ekari ngapi, kimewaokolea dola ngapi, na hivyo vipeperushi vyako 23 kila kimoja ulitakiwa ukipeleke kwa wapitiaji wasiojua jina lako, vikirudi vinahesabika kama chapisho. Mwaka wa tano! Saa imeshakula yote. Kwa hiyo ndiyo, nimefanya kazi isiyoandikwa. Lakini mtu asinambie kwamba hiyo ni sawa na kutofanya.

Kuna wanaosema nishukuru hata nilipewa nafasi ya kugombea. Maafisa wa kaunti kwenye majimbo mengine wana mikataba ya mwaka mwaka, cheo wanapanda lakini udumu hawana. Na Wisconsin mwaka 2015 waliuondoa ulinzi wa ajira ya kudumu kwenye sheria ya jimbo wakaiachia bodi ya chuo iamue, kwa hiyo hata walionao hawalali kiviiile. Sawa. Ila jiulizeni ajira ya kudumu kwa mtu wa ugani ni ya nini. Mwaka 2017 dikamba, dawa nyingine ya magugu, ilipoanza kupeperuka kwenda mashamba ya jirani na soya za watu kujikunja majani, waliosimama kuhesabu ni wataalamu wa magugu wa vyuo hivi hivi. Chuo Kikuu cha Missouri walikusanya makadirio ya wenzao wa majimbo mengine, mpaka Oktoba yalifika kama ekari milioni 3.6. Wauza dawa wakawa wanasema wakulima hawafuati maelekezo ya lebo. Sasa we unasimama mbele ya ukumbi, wakala wa dawa kakaa mstari wa kwanza, yeye ndo kalipia chakula cha mchana, mkulima ananyoosha mkono anauliza hii dawa inafaa au haifai? Mwenye mkataba wa mwaka mmoja atajibu nini? Mi nilijibu, nikiwa kwenye majaribio, na simu ya kulalamika ilipigwa kwa mkuu wangu siku hiyo hiyo. Hilo nalo halimo kwenye ile barua.

Faili sasa liko kwa provosti, yaani mkuu wa taaluma wa chuo kizima. Nina siku kumi za kuandika majibu, zimebaki saba. Mkuu wa idara anasema nisiguse mambo ya nani kasema nini kikaoni, nishikilie utaratibu tu, kwamba mkataba unasema 80 kwa 20 na barua yao haijapima hiyo 80 popote. Yule dada yeye anasema hapana, niambatishe ushahidi mpya, nina majibu ya dodoso la msimu uliopita, wakulima 61 wamejibu, sema huo ushahidi umeingia baada ya faili kufungwa na wanaweza kuutupa.

Kwa waliopita njia hii kweli, sio wa kusikia: mmewahi kuona provosti akiikataa kamati ya kitivo pale ambapo idara ilishapiga kura ya ndiyo? Na aliikataa kwa hoja ya utaratibu au kwa ushahidi mpya? Mkataba wenye sahihi tatu ninao, nimeshauskani.