Kusafisha kabureta nyumbani: petroli, dawa ya kopo au siki?

Mtoto_wa_Isevya
Wakuu, kiangazi hiki vumbi la Tabora halina adabu. Pikipiki yangu, Boxer, haikai sailensa, yaani haingurumi taratibu yenyewe nikiachia mafuta. Nikivuta choki inatulia, nikirudisha tu inazima. Nataka kufungua kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, mwenyewe. Njia nilizosikia ni petroli na mswaki, dawa ya kopo ya kupuliza, na siki, ambayo jirani anaisifia hadi basi. Waliojaribu semeni.

Spana_Kumi
Hiyo ni jeti ndogo, kile kijitundu kinachopitisha petroli ya sailensa, imeziba. Choki inabana hewa, mchanganyiko unakuwa mzito kwa petroli, ndiyo maana inatulia. Tundu la jeti hiyo halifiki nusu milimita, kwa hiyo hata punje ya vumbi inatosha kulifunga.

Petroli na mswaki vitakutolea matope ya kwenye kikombe, kile kibakuli cha petroli chini ya kabureta. Ule utando wa kahawia unaobaki petroli ikikauka ni habari nyingine, pale dawa ya kopo inashinda bila ubishi. Ila kabla hujapuliza toa oringi zote (vile vipete vya mpira) na boya linaloelea ndani ya kikombe, na kama kabureta yako ni ya dayaframu, ule utando wa mpira, itoe pia. Dawa hizi huvimbisha mpira, na dayaframu ikiharibika pikipiki haivuti tena, utalaumu injini bure.

Funga koki ya petroli kwanza. Na kazi hii ni ya nje, mbali na jiko la mkaa.

Binti_Ujiji
Kaka Spana, dawa ya kopo ni ya wenye nazo. Huku Kigoma mimi naloweka jeti kwenye petroli usiku kucha, asubuhi nampelekea kijana wa pancha anipigie upepo. Upepo ndio unaosafisha, hizo nyingine zinalainisha tu.

Spana_Kumi
Kwa upepo nakubali, dada. Lakini boya liwe limeshatolewa, presha ya kompresa inaweza kulibonyeza.

Mchukuzi_Urambo
Siki sitaki hata kuisikia. Bodi ya kabureta ni aloi, ukiilaza kwenye siki inageuka nyeusi.

Mzee_wa_Koki
Vijana, siki ina kazi moja: ule ukoko mweupe unaotokea maji yakikaa kwenye kikombe. Dakika chache, sugua, suuza kwa maji ya moto na sabuni, kausha kabisa. Kwa utando wa petroli haisaidii kitu.

Ninaloogopa zaidi ni pini. Mtu anachokonoa jeti kwa pini ya chuma, tundu linapanuka, kisha analalamika pikipiki inakunywa mafuta. Tumia uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Na skrubu ya hewa, kabla ya kuitoa, ikaze taratibu mpaka iguse huku unahesabu mizunguko, uandike. Nyingi huwa kati ya mmoja na nusu na miwili na nusu, lakini fuata hesabu ya yako. Usiikaze kwa nguvu, ncha yake itaharibika.

Mtoto_wa_Isevya
Shikamoo mzee, nimeandika ukutani kabisa.

Mzee_wa_Koki
Marahaba.

Mchukuzi_Urambo
Wote mnasafisha kabureta, uchafu unatoka wapi? Sisi tunaonunua petroli ya chupa vijijini tunajua. Legeza skrubu ya chini ya kikombe, kinga kwa chupa nyeupe, subiri. Maji yatakaa chini, petroli juu. Ukiyaona, mwaga tanki na badilisha chujio, la sivyo utafungua tena hivi karibuni. Eya klina, yaani chujio la hewa, nayo: ya sponji ioshe kwa sabuni, ianike kivulini, ipake oili kidogo, ikamue. Ya karatasi usiioshe, ikung'ute tu.

Mtoto_wa_Isevya
Nimemaliza. Nimeloweka kwa petroli, nikapiga upepo, kopo sikununua. Sailensa imekaa bila choki. Sasa petroli inadondoka kwenye kimpira cha chini ya kabureta.

Spana_Kumi
Sindano ya boya, ile inayozuia petroli kikombe kikijaa, haifungi. Gonga kikombe kidogo kwa mpini wa bisibisi, huenda ni taka imekwama. Isipoacha, fungua uangalie ncha ya sindano. Ukiona imechimbika mduara, nunua nyingine.