Nywele ndefu na rola za mvuke: nazisetije bila kuzikata?

Shungi

Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri kabla sijazidi kujiharibia.

Nywele zangu zinafika kiunoni, kama sentimita 70 nikizinyoosha. Hazina dawa wala rangi, na nimezilea kwa miaka 6 nikipunguza ncha tu. Mwaka jana nilikuwa nazikunja kwa chuma cha moto kila wiki. Ncha zikaanza kupasuka, kisha nikaona vidoa vyeupe vidogo katikati ya unywele, na ukiugusa unakatikia palepale kwenye doa. Nikaacha kabisa.

Sasa nimepata seti ya rola za sponji zinazopashwa kwa mvuke. Unaiweka rola juu ya tundu la mashine, mvuke unapanda, unaikunjia nywele, halafu unaifunika kwa kifuniko chake cha plastiki. Mara ya kwanza nilizikunja zikiwa zimelowa, nikidhani maji yakiwa mengi na mkunjo utakuwa mzuri zaidi. Nikalala nazo. Asubuhi ndani bado mbichi, rola mbili zimenasa kisogoni, na nilipovuta nikasikia ule mlio wa nywele zikikatika. Kishada kizima kikabaki mkononi. Nililia.

Mara ya pili nilikunja kavu, nikakaa dakika 5, nikafungua. Zilipendeza kweli, lakini hata saa 2 hazikuisha. Juu zikanyooka zote, ncha tu ndizo zilizobaki zimejikunja kama kamba ya simu.

Je, zikunjwe mbichi au kavu? Zikae muda gani? Na hivi mvuke wenyewe hauunguzi nywele? Sitaki tena kurudi kwenye vidoa vile.

MamaMapacha

Pole mwaya. Hapo kisogoni, rola ikinasa usivute. Chukua mkasi ukate sponji, siyo nywele. Rola utapata nyingine.

Chanuo

Shungi mdogo wangu, pole sana. Nimeseti nywele za watu miaka 14, na hilo la kulala na rola mbichi nimelikuta kwa wengi mno, kwa hiyo usijilaumu.

Kilichokuangusha mara zote mbili ni kitu kimoja: ulifungua nywele kabla hazijamaliza kazi. Mkunjo haushiki nywele ikiwa ya moto. Unyevu na joto vinalegeza tu, kinachofunga ni kukauka na kupoa. Mara ya kwanza ulifungua zikiwa na maji, mara ya pili zikiwa na joto.

Rola za mvuke zinataka nywele kavu. Kavu kabisa, zilizooshwa, zilizochanuliwa kuanzia ncha kupanda juu mpaka kitana kipite bila kukwama. Mvuke ulioingia kwenye sponji unatosha kulegeza unywele mkavu. Ukiongeza maji, sponji inayanywa, kifuniko kinayazuia yasitoke, na usiku mzima unapita yako humohumo. Ukitaka kupaka kitu, povu la kusetia kidogo, kama ukubwa wa yai kwa kichwa kizima, kisha liache likauke. Mafuta mazito yasiguse nywele kabla ya rola, yanaongeza uzito na mkunjo unateleza.

Sasa urefu wako, na hapa ndipo penye kazi. Nywele ya sentimita 70 ukiizungusha yote kwenye rola moja fupi, inajirundika tabaka juu ya tabaka. Ncha ziko ndani, zimegusana na sponji yenye mvuke, zimezunguka duara dogo. Nywele za karibu na kichwa ziko nje kabisa, mvuke haujazifikia, na duara lao limekwisha kuwa kubwa kama gilasi. Ndiyo maana ulipata ncha za kamba ya simu na juu patupu. Hazikuwa nywele zako zenye kasoro.

Dawa yake ni fungu dogo. Upana usizidi urefu wa rola, na unene uwe kiasi kwamba ukilishika fungu juu ya kidole bado unakiona kidole kupitia nywele. Kwa kichwa chako rola 30 siyo nyingi. Tena usizungushe pahali pamoja. Anza upande mmoja wa rola, uteremke kwa kuviringisha kama mtambaa unavyopanda mti, ili nywele ilale kwenye sponji kwa urefu wake badala ya kujipanda yenyewe. Zile ncha zenye mipasuko zifunike kwa kikaratasi chepesi kabla ya kuanza, zisije zikakunjika kinyume.

Mvutano: fungu likae sawa bila kulegea, lakini ngozi ya kichwa isinyanyuke. Ukiona kijinundu kwenye mzizi au macho yanavutika, umekaza mno. Legeza hiyo rola sasa hivi, usingoje ikuume, hasa kwenye nywele za paji la uso na za masikioni. Hizo zikivutwa mara kwa mara huota nyembamba, na baadaye hugoma kuota.

Kipilipili

Da Chanuo nakuheshimu, ila mimi nakunja mbichi kila wiki mbili mwaka wa tano huu na nywele zangu zimejaa. Rola mbichi, draya ya kofia, basi. Mvuke kwangu ni hasara, nywele zinarudi zikajikunyata.

Chanuo

Kipilipili, uko sahihi kwa nywele zako, na tunazungumzia rola mbili tofauti. Wewe unatumia zile za plastiki ngumu zenye matundu. Hewa ya draya inapita, maji yanatoka, na nywele iliyojisokota inanyooka ikikauka juu ya uso laini. Sponji haifanyi hivyo. Na nywele iliyonyooshwa kwa namna hiyo ikipigwa mvuke inarudi kwenye msokoto wake wa asili, kama unavyosema. Ila hata kwako sharti ni lilelile: usitoke kwenye draya kwa sababu nje pamekauka. Fungua rola moja ya kisogoni, iguse ndani. Ikiwa ya ubaridi-ubaridi kidoleni, bado ina maji.

MwlKemia

Nijibu swali la kuungua. Maji yanayochemka kwenye chombo kisichobanwa hutoa mvuke wa nyuzi 100 za Selsiasi, na sponji huanza kupoa mara tu ukiiondoa kwenye mashine. Vyuma vya kukunjia na pasi za nywele hufika nyuzi 200 na kupita. Tofauti ni kubwa. Kibaya kuliko vyote ni chuma cha moto kwenye nywele yenye maji: maji yaliyo ndani ya unywele yanachemka ghafla, yanaacha viputo, na unywele unabaki na matundu ndani kama mkate uliochachuka.

Kuhusu kushika na kuachia: unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini. Nyuzi zake zimeshikana kwa vifungo vya hidrojeni, ambavyo ni dhaifu. Maji na joto huviachia, na unywele ukikauka vinashikana upya katika umbo ulilouwekea. Hivyo ndivyo rola inavyofanya kazi, na ndiyo sababu unyevu wa hewani unaweza kuvifungua tena saa chache baadaye. Vifungo vya salfa, vilivyo imara, mvuke wa rola hauviondoi. Hivyo huvunjwa na dawa za kunyoosha au kukunja kwa kudumu.

Halafu tambua kwamba nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi. Ncha zako zina umri wa miaka karibu 6. Zimeoshwa, zimechanwa na kupigwa jua miaka yote hiyo. Kila hatua uipime kwa uwezo wa ncha, kwa maana mzizi utastahimili mengi ambayo ncha haitayaweza.

MamaMapacha

Nami naongezea la mikono. Mvuke unaunguza ngozi vibaya sana. Ukitua kwenye kidole unageuka maji na joto lake lote linabaki hapo. Shika rola kwa ncha zake mbili, isubiri ipumue kidogo kabla ya kuipeleka kichwani, na isiguse sikio wala shingo. Mashine iwe mbali na watoto, wangu mmoja alishawahi kunyoosha mkono kuelekea lile tundu kwa sababu moshi ule unamvutia.

Jambo jingine, soma maelekezo kuhusu maji. Kuna mashine zinazopitisha umeme kwenye maji yenyewe, na hizo huhitaji chembe za chumvi ili mvuke utoke vizuri. Nyingine zina waya wa kupashia, ukitia chumvi unaziua. Usifuate ya jirani, fuata ya mashine yako.

Tausi

Kwa wenye rangi au dawa kichwani, naombeni msifuate ushauri aliopewa Shungi. Nywele zangu ziliondolewa rangi na zikilowa zinavutika kama mpira, hazirudi. Mimi sasa nakunja bila joto lolote, kwa mkanda wa satini usiku. Mkunjo ni mlegevu lakini nywele zipo.

Shungi

Wapendwa, nimerudi. Nimesoma yote mara tatu, Jumamosi nikakaa chini nikafanya.

Nilitumia rola 28. Nilizipiga mvuke sekunde zile zilizoandikwa kwenye maelekezo, nikaviringisha kwa kuteremka kama Da Chanuo alivyosema, kikaratasi kwenye ncha. Kukunja peke yake kulinichukua dakika 50. Ya kwanza kuikunja ilishapoa kabla sijamaliza ya mwisho, nikaiacha. Kisha nikangoja saa nzima baada ya rola ya mwisho. Nikafungua moja ya kisogoni kuijaribu, nikaiweka shavuni. Ilikuwa imepoa, kavu kama kitambaa. Nikaendelea.

Nilikuwa nazungusha kinyume, sivuti. Rola ikafika mwisho, nywele ikaning'inia imejisokota kuanzia karibu na sikio mpaka chini, wala siyo ncha peke yake. Nikaitazama kwenye kioo bila kuigusa. Nilitandaza kitambaa cheupe mabegani ili nihesabu zitakazokatika. Nilikuta nyuzi 11, na nyingi zilikuwa na kile kichwa cheupe cha mzizi, yaani zimetoka zenyewe.

Zilidumu mchana kutwa. Jioni kulipoanza manyunyu mawimbi ya mbele yakalegea, ya nyuma yakabaki. Swali langu la mwisho: asubuhi yake nizirudishie mvuke?

Chanuo

Umenifurahisha, mdogo wangu. Na hizo zenye kichwa cheupe ni za kutoka siku hiyohiyo, hata bila rola.

Usirudishe mvuke kichwa kizima. Usiku zikusanye zote juu ya utosi kwa kibanio kisichobana, funga kitambaa cha satini. Asubuhi ziachie, pitisha vidole vyenye matone 2 ya mafuta mepesi. Zile za mbele tu zilizolegea zikunjie rola 3 au 4 wakati unavaa. Kichwa kizima mara moja kwa wiki inatosha. Na zile sentimita 2 au 3 za ncha zenye mipasuko zipunguze kabla ya kuseti tena, maana zitakuwa zinanasa kwenye sponji kila mara.