Kusimama mbele ya mashine ya kukerezea: je, mkao wa karate unafaa?

Mwanagenzi, Kisumu
Ndugu zangu, ninajifunza kukereza mabakuli ya mjakaranda, yaani kuyachonga kwa patasi huku mashine ikizungusha mbao, katika karakana moja karibu na soko la Kibuye, na jioni ninafanya mazoezi ya karate. Fundi hunikemea kwamba ninakata kwa mikono. Mwalimu wa karate naye hunikemea kwamba ninapiga kwa mikono. Je, wanasema jambo moja? Bakuli langu hutoka na mawimbi ubavuni hata patasi ikiwa imenolewa barabara, na nikisimama kwa zenkutsu-dachi, ule mkao wa karate wa goti la mbele kukunjwa na mguu wa nyuma kunyooshwa, kiuno huniuma kabla kazi haijafika nusu.

Mkerezaji, Kakamega
Jambo ni moja, ila mkao si mmoja. Mawimbi hayo hutokana na mkono unaosukuma patasi hatua kwa hatua: kiwiko kinanyooka, kinafika mwisho, kinatua, kisha unakikunja upya, na kila kituo huacha alama kwenye mbao. Bana mpini kwenye nyonga, mkono wa mbele uelekeze tu chuma juu ya egemeo, ile nguzo ya kulazia patasi, na ule uso ulionolewa ulale juu ya mbao kabla makali hayajaanza kukata. Kisha hamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, magoti yakiwa yamelegea, ili mwili mzima ndio usafiri. Kabla ya kuwasha mashine, simama kwa raha pale mkato utakapoishia, halafu urudi mwanzo bila kuinua nyayo. Kuhusu kiuno, pima mhimili wa mashine, yaani kimo cha pale mbao inapozungukia: ukiwa chini sana ya kiwiko chako, utainama kutwa nzima, na hakuna mkao utakaokuponya.

Mwanajudo, Nakuru
Nakubaliana na fundi, ila niongeze tofauti moja ambayo naiona ni kubwa. Katika gyaku-zuki, ngumi ya karate ya mkono wa nyuma, nguvu huanzia kwenye kisigino cha nyuma, hupita kwenye nyonga inayozunguka, na ngumi huja mwisho. Mwili ndio unaozalisha nguvu. Kwenye mashine, nguvu ni ya mota, nawe kazi yako ni kuipokea na kuielekeza. Kwa hiyo zenkutsu-dachi, ambayo hulaza uzito mwingi kwenye goti la mbele, inakufunga mahali unapotakiwa kuteleza. Shizentai ya judo inafaa zaidi: miguu kwa upana wa mabega, uzito tayari kwenda upande wowote, hivi kwamba patasi ikinasa ghafla huyumbi. Tena, unapowasha mashine usisimame mkabala na ukingo wa kipande kinachozunguka, kwa maana kikipasuka vipande hurukia huko.

Mwanagenzi, Kisumu
Asanteni sana. Na upande wa ndani je? Hapo kitanda cha mashine, ile reli ndefu iliyo chini ya kipande, kinanizuia kusogea.

Mkerezaji, Kakamega
Ndani unakata kutoka ukingoni kwenda katikati. Mpini uanzie ng'ambo, juu ya kitanda, kisha uje kuelekea kwako kadiri makali yanavyoshuka. Nyayo hazisogei sana. Nyonga ndizo zinazogeuka.