Ruaha kutokea Dodoma mwezi wa 8: njia, mafuta na picha

Mwuliza swali
Wakuu, habari. Tunataka kwenda Hifadhi ya Taifa Ruaha kutokea Dodoma, siku mbili, kwa Prado yetu. Nia kubwa ni picha: tembo, tandala, mibuyu. Lenzi ni ya mm 100–400, ya kuvutia vitu vya mbali. Naomba mwongozo wa njia, mafuta, na tuwe wapi saa ngapi. Vumbi nalo linanitia wasiwasi.

Dereva wa Nyanda za Juu
Mkuu, mmechagua vizuri; Agosti nyasi zimelala na wanyama wamekusanyika penye maji yaliyobaki. Dodoma hadi Iringa kupitia Mtera ni lami, kama kilomita 260. Jazeni tangi Iringa. Kutoka hapo hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni kama 130. Ukijumlisha kurudi Iringa na mizunguko ya ndani, weka kilomita 500 na lita 80, maana humo gari linatembea gia ndogo muda mrefu.

Kibali cha kuingia ni cha saa 24. Ingieni saa 8 mchana, mlale Msembe: mnapata jioni na alfajiri kwa kiingilio kimoja. Tungamalenga, nje ya lango, kuna malazi ya bei nafuu, lakini jua linachomoza karibu saa 1 kasoro robo na mtakuwa bado barabarani. Bebeni vitambulisho vya NIDA. Malipo ni kwa kadi au simu, si taslimu.

Mpiga picha, Dodoma
Naongezea upande wa kamera. Msizunguke ovyo, kaeni Mwagusi. Ule ni mto wa mchanga: juu pakavu, maji yako chini. Tembo huchimba kwa mguu wa mbele, huingiza mkonga na kusubiri maji yajikusanye. Akiondoka, nyani na swala huja kwenye shimo lilelile. Zima injini, subiri hata saa nzima.

Mchanga ule mweupe unaidanganya kamera, tembo anatoka mweusi tii. Ongeza mwanga kwa theluthi mbili za stopu (kipimo cha mwanga kwenye kamera), ukiangalia mchanga usiungue, yaani usitoke mweupe mtupu. Kasi ya shata (muda kamera inapokaa wazi) isishuke chini ya 1/1000 ya sekunde mnyama akitembea.

Kuanzia saa 4 asubuhi hewa ya moto hucheza juu ya ardhi. Mnyama aliye mita 150 atatoka na ukungu pichani hata fokasi ikiwa sahihi, na watu huishia kulaumu lenzi. Saa hizo pigeni picha za walio karibu, au tandala waliojificha kivulini.

Vumbi: msibadilishe lenzi ndani ya hifadhi. Pulizeni kioo cha lenzi kwanza kabla ya kufuta, vinginevyo kitambaa kinakwaruza.

Mwuliza swali
Asanteni sana. Tripodi (stendi ya kamera) tubebe?

Dereva wa Nyanda za Juu
Ndani ya gari haifunguki, na kushuka ni sehemu zilizoruhusiwa tu. Shona mfuko wa kitambaa kigumu, tia kilo 2 za maharage, uweke dirishani, lenzi ilale juu yake. Droni iacheni nyumbani kama hamna kibali.

Kwenye miombo kuna mbung'o. Wanafuata nguo nyeusi na za bluu iliyokolea, vaeni kaki. Mkikanyaga mchanga laini, shusheni upepo wa matairi hadi psi 22 hivi, na pampu iwemo garini ya kuujaza tena kabla ya lami.