Naomba ushauri: picha zinalala ubavu nikiziweka kwenye TV

Habari zenu wadau. Nina picha za marehemu mama, zaidi ya 400, nilizompiga kwa simu miaka yake ya mwisho. Nataka zipite moja baada ya nyingine kwenye skrini kubwa siku ya kumkumbuka, ndugu wote wakiwepo. Kwenye simu zimesimama vizuri. Nikizihamishia kwenye flashi na kuichomeka kwenye TV, nyingi zinalala ubavu, chache zinakaa kichwa chini. Inaniuma kumwona mama hivyo.

Nilichogundua ni kwamba simu ikishikwa wima, mara nyingi huihifadhi picha kama sensa (kihisi cha kamera) ilivyoiona, kisha inaandika namba ya mwelekeo kwenye EXIF, yaani taarifa zinazohifadhiwa ndani ya faili la picha: 1 ni sawa, 3 igeuzwe nyuzi 180, 6 izungushwe nyuzi 90 kulia, 8 nyuzi 90 kushoto. Simu inaisoma namba hiyo, TV yangu haiisomi.

Nilijaribu kuzizungusha kwenye kompyuta na kuzihifadhi upya. Baadhi zikageuka mara mbili, nadhani namba ya zamani ilibaki. Tena JPEG (aina ya faili la picha hizi) ikikandamizwa upya hupoteza ubora, na picha hizi sitazipata tena.

Najua programu ya jpegtran huzungusha bila kukandamiza upya. Kuna aliyeitumia kwa folda nzima? Baada ya hapo namba ya mwelekeo niirudishe kuwa 1 kwa exiftool (programu ya kuhariri EXIF), au kuna njia fupi zaidi? Nakala halisi nimeshazitenga pembeni.