Haya makijiji ya utalii ya barabarani yenye mabango kila kona: nani anafaidika zaidi ya dereva na mwenye bango?

Wakuu salaam. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa mahoteli, hii ni habari nyingine kabisa.

Hivi nani aliwadanganya hawa jamaa kwamba ukishasimamisha bango kubwa barabarani basi huna haja ya kuweka kitu cha maana nyuma yake? Maana toka unatoka Arusha unaelekea Karatu ni mabango mwanzo mwisho, BADO KM 40, BADO KM 20 USIPITWE, UMEKARIBIA FAMILIA YAKO ITAKUSHUKURU, halafu la mwisho lina mshale mwekundu na picha ya twiga kainamisha shingo anamlisha mtoto majani. Redioni wapo. Instagram wapo, kuna chawa wao kavaa shuka jekundu anarukaruka anasema hii sehemu ni moto wa kuotea mbali. Sasa we mwenyeji una wageni wametoka Tabora, wameona hayo yote wakiwa bado kwao, utawaambia nini?

Jina la sehemu silitaji na iko upande gani sisemi, msinisumbue inboksi. Nyie mnaopita ile njia mtajua, na wenye sehemu nyingine za namna hiyo nao watajiona humu humu maana wote wamesoma kitabu kimoja.

Nilikuwa na shangazi yangu, binamu, mke wangu na watoto, tumekodi Noah na dereva wake. Plani ilikuwa Mto wa Mbu tule ndizi, tupande juu tuone Ziwa Manyara, Karatu tupate chakula turudi zetu. Dereva njia nzima anapiga debe, "bosi pale lazima tusimame, shangazi akaone makabila yote ya Tanzania sehemu moja". Makabila yote ya Tanzania! Mnajua ni mangapi, zaidi ya 120. Pale kuna vibanda vinne, kimoja kimefungwa kufuli na kingine kinatunzia mifuko ya saruji.

Getini kiingilio mzawa elfu 15, mtoto elfu 8, gari elfu 5. Nikauliza gari linaingia kuangalia nini, jamaa akacheka akasema ni utaratibu. Haya. Ndani unaambiwa hutembei bila mtu wa kukutembeza, naye ana bei yake, ukitaka kupiga picha na simu yako mwenyewe kuna kistika unabandikwa kifuani cha elfu 5. Yule twiga wa kwenye bango kumbe ni wa saruji. Wakuu sitanii, twiga wa saruji, sikio moja limekatika limebaki kipande cha nondo kimechomoza chenye kutu, madoa kapakwa na rangi ya mafuta imechuruzika mpaka magotini, na hapo chini yake ndo watoto wanapangwa wapigwe picha. Mwanangu wa mwisho akauliza "baba huyu anakula saa ngapi" nikakosa cha kumjibu.

Kijana wa kutembeza (simlaumu sana, analipwa kwa siku na hajafundishwa kitu) akawaambia watoto Mlima Meru ni wa pili kwa urefu Afrika. Binti yangu yuko darasa la sita akamwambia hapana wa pili ni Mlima Kenya. Jamaa anasema "inategemea unapimia wapi". Inategemea nini sasa, Kilimanjaro mita 5,895, Kenya 5,199, Meru hata 4,600 haifiki, unaona kilele chake kila asubuhi ukitoka kuswaki halafu unakuja kuuza uongo kwa watoto kwa elfu 8 kila kichwa. Ni wa pili Tanzania, angesema hivyo tu inatosha, nayo ni sifa.

Tukafika kwenye boma la Kimasai. Moran mmoja yuko pale na mkuki anasimulia jinsi alivyoua simba peke yake akiwa kijana mdogo, watoto macho yamewatoka, mara simu ikaita ndani ya shuka, akapokea "aika mae, nitatuma jioni". Mke wangu ni wa Kibosho, alicheka mpaka akakaa chini. Akamjibu kwa Kichagga jamaa akapotelea nyuma ya kibanda hatukumuona tena, hadithi ya simba ikaishia hapo. Mi sina shida na Mchagga kutafuta riziki, atafute popote, ila Wamasai wenyewe wako hapo nje barabarani wanachunga na wengine wanauza shanga zao juani bila bango lolote, unawaruka hao unaenda kumvisha shuka mtu wa Machame?

Sasa hayo yote ni utangulizi tu. Shoo yenyewe ni duka. Sehemu nzima imechorwa kwamba ili utoke lazima upite dukani, ni kama mgono wa samaki, kuingia rahisi. Na humo ndo nikaelewa kwa nini dereva alikuwa anasisitiza vile. Tulivyofika tu getini alisaini kwenye daftari, namba ya gari, idadi ya watu, wanatoka wapi. Tulivyokuwa tunazungushwa yeye yuko nyuma jikoni anakula pilau na soda bure, kuna meza ya madereva kabisa. Kuna dereva wa siku nyingi mjini hapa tunaheshimiana naye, alishaniambia bei ya kwanza utakayotajiwa kwenye maduka ya hivyo imeshabeba fungu la aliyekuleta, ndo maana hata ubembeleze vipi kuna mahali hawashuki. Kwa hiyo mgeni ndo anamlipa dereva, anayalipa yale mabango, na yule chawa wa Instagram pia analipwa humo humo. Kinyago chenyewe kinapata kilichobaki, na aliyekichonga anapata makombo.

Shangazi akapenda kinyago cha ujamaa, wale watu wamebebana. Bei ilikuwa imeandikwa kwa dola. Mtanzania kwa Mtanzania, Arusha, dola! Nikamwambia muuzaji kanuni zimetoka tangu Machi 2025 kwamba bei ya bidhaa na huduma humu ndani isitangazwe wala kutozwa kwa fedha za kigeni, akaniambia "hiyo ni kwa ajili ya wageni bosi, wewe nitakufanyia hesabu", hesabu akaifanya kwa reti anayoijua yeye. Ikaja laki na ishirini. Anasema ni mpingo mtupu, kazi ya Wamakonde wa hapa hapa Monduli. Wamakonde wa Monduli! Ndugu zangu wa Mtwara na Newala mnasikia lakini.

Shangazi akalipa, pesa yake, mimi ni nani nimkataze mtu mzima mbele za watu. Kwenye gari akawa kakipakata, jua la Makuyuni mnalijua, kufika Mto wa Mbu viganja vyake vyeusi tii na kanga ina madoa, gari zima linanuka kiwi ya viatu. Tuliporudi nyumbani nikajaza ndoo maji nikakitumbukiza. Kwa wasiojua, mpingo ni mzito kuliko maji, ukiutia kwenye ndoo unaenda chini moja kwa moja. Hiki kilielea kikawa kinazunguka taratibu na kiwi inatanda juu ya maji. Kukikwangua kidogo chini kwa kisu, ndani mti mweupe. Laki na ishirini.

Kona ya tanzanaiti nitaipitia haraka maana hatukununua. Muuzaji anasema nunueni sasa hivi haya mawe yanaisha mwakani. Huo wimbo wa mwakani kila mtu wa mji huu ameshausikia. Mererani tunaijua, watu wanachimba pale tangu 1967, ukuta wa kuzunguka migodi, kilomita zaidi ya 24, umezinduliwa 2018, siyo habari za kumtishia mtu kwamba asipotoa milioni leo basi kesho hakuna jiwe. Mwenye shida na jiwe aende mjini kwa mtu mwenye leseni, apewe na risiti ya kueleweka.

Nakubali kitu kimoja, choo chao kilikuwa kisafi. Kweli kabisa, maji yapo, sabuni ipo, na kwa njia ndefu kama ile choo kisafi si kitu cha kubeza hasa ukiwa na wazee na watoto. Kama wangeandika kwenye bango CHOO SAFI ELFU MOJA KARIBUNI ningewasifia humu na ningesimama kila safari. Chakula sasa, chipsi kuku elfu 25 na kuku mwenyewe ni paja limelala toka jana, soda elfu 3.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tuliacha vitu vya bure na vya bei poa njiani. Mto wa Mbu pale kina mama wana ndizi nyekundu, zile nene tamu, hazina bango wala twiga wa saruji, shangazi alikula kama nne hivi ndo akaanza kutabasamu tena. Panda ule mlima juu ya Mto wa Mbu, simama pale kwenye kona, Ziwa Manyara lote liko chini yako na lile Bonde la Ufa, hulipi hata mia, ni kuwakwepa tu vijana wa bangili. Binamu alisema kwa nini hatukuja hapa moja kwa moja, swali zuri.

Na kwa wale wa barabara ya Moshi mnajidai huku kwetu hakuna mambo hayo, yapo, mnayo yenu. Ila mna pa kwenda. Tengeru, chepuka kidogo tu kutoka lami kuna Ziwa Duluti, ziwa la kreta, msitu umelizunguka, unatembea kwa mguu kivulini. Hapo hapo Tengeru kuna makaburi ya Wapolandi, wakimbizi walioletwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, walikuwa karibu elfu tano kambini, waliokufa wakazikwa pale na makaburi yametunzwa vizuri. Wangapi humu wazaliwa wa Arusha mmeshaingia? Mnapita na hiace kila siku. Chemka nayo, ile chemchemi ukichepukia Boma Ng'ombe, vumbi lake si la kitoto na wanaoitangaza kama maji ya moto wanawapotosha watu maana maji ni ya vuguvugu tu, ila ukiyaona yale maji ya bluu chini ya mizizi ya mikuyu na samaki wadogo wanakudonoa miguu hutamlaumu mtu. Usiende Jumapili lakini, kutakuwa na spika na nyama choma mpaka huoni maji.

Mjini kwenyewe kuna Boma la Wajerumani, kuna makumbusho ya Azimio la Arusha, mgeni wako akitoka hapo anajua kilichotokea 1967 na anakuwa na cha kusimulia Tabora. Mnara wa Saa mpige picha bure mkiweza kuwatoroka maflaikacha, wale vijana wanaowaganda watalii. Ukiwa na hela na nguvu ya kwenda mpaka Olduvai basi nenda, pale makumbusho yana habari za kweli, za Zinjanthropus, lile fuvu la kale lililopatikana hapo 1959, na za zile nyayo za Laetoli, miaka milioni 3 na zaidi, na bonde lenyewe liko mbele yako wakati unaelezwa.

Najua watakuja wenye biashara kusema "mkuu tunaajiri vijana, tunalipa kodi, ukikwazika pita njia". Ajirini, nani kakataza? Ila muwafundishe mlima upi ni wa pili. Kodi sasa, nilipoomba risiti ya EFD pale kaunta nikaambiwa mashine haina mtandao, nikaandikiwa kikaratasi kwa kalamu, "curio 1", bila jina la duka wala tarehe. Intaneti ya kumposti chawa ilikuwepo, wifii yao imebandikwa ukutani na paswedi.

NYONGEZA: Naona komenti nyingi zinauliza kama nimerudisha kinyago. Nilipiga ile namba ya kwenye bango, ikapokelewa mlio wa kwanza, sauti ya dada mchangamfu kweli, "karibu sana mpendwa mnakuja wangapi". Nilipotaja neno kinyago simu ikakatika, na kila nikipiga kwa namba yangu haipokelewi. Nikapiga kwa simu ya mke wangu, mlio wa kwanza, "karibu sana mpendwa".

Na wewe unayesema dereva hana kosa anatafuta hela ya mafuta, mafuta nilimjazia mimi Kisongo.

Kuna mtu kasema hili la kutangaza kitu usichokuwa nacho ni la Tume ya Ushindani (FCC), kwamba sheria ipo tangu 2003. Basi mwenye kujua utaratibu wa FCC hapa Arusha, unaanza na barua au kuna fomu, na kama kikaratasi cha kalamu kinakubalika kama ushahidi, aniandikie hapa hapa wote waone. Picha za mabango ninazo, ya twiga ninayo, na video ya ndoo ninayo.